Karatasi mbili za mtoto mmoja

Somo la juma hili: Waamuzi 13:2–14

Mama huyu ameniruhusu nisimulie habari zake kwa masharti mawili: nisimtaje jina, na nisiseme anakaa mtaa gani wa Tunduma. Nimekubali bila shida. Hata Biblia, inapotupa habari za mama yake Samsoni, inatutajia mumewe Manoa, kabila lao la Dani na mji wao wa Sora, lakini yeye mwenyewe anaitwa mke wa Manoa mwanzo mpaka mwisho. Malaika alimtokea yeye, tena mara mbili, na jina lake hatulijui hadi leo.

Alikuja nyumbani jioni moja ya mvua, mtoto mgongoni. Tulimkaribisha kiti, akakaa pembeni kabisa kama mtu anayetaka kuondoka. Akafungua fundo kwenye pindo la kitenge, akatoa karatasi mbili zilizokunjwakunjwa, akaziweka mezani mbele yangu na mama mchungaji, akanyamaza.

Karatasi ya kwanza ilitoka kliniki ya mama na mtoto. Mtoto alipofikisha wiki sita alitobolewa kisigino, matone ya damu yakadondoshwa kwenye kadi maalumu, yakakaushwa na kupelekwa maabara. Majibu yalirudi kwamba virusi vya UKIMWI havikuonekana. Karatasi ya pili ilikuwa ya siku ileile aliyokuja kwetu, mtoto akiwa na miezi mitano. Mama alikuwa amevuka kwenda Nakonde kwenye biashara yake ya mitumba, mtoto akabaki na bibi. Mchana mtoto akachemka homa. Bibi akambeba hadi sehemu ya karibu wanakopima kila kitu kwa dakika chache, nao wakampima malaria, na kwa kuwa walikuwa wameshamtoa damu, wakampima na kile kipimo kidogo cha mistari tunachokijua sote. Mistari ikatoka miwili. Bibi akaambiwa mjukuu wake ameambukizwa.

Mama, ambaye mwenyewe anaishi na virusi hivyo, alianza dawa za kuvidhibiti mimba ikiwa na miezi mitatu. Hakuruka siku hata moja, na namwamini, maana namjua. Aliniuliza swali moja tu: "Baba mchungaji, nimekosea wapi?"

Nami sikujua la kumjibu. Nisipolisema hili, tafakari yote itakuwa ya uongo. Sikumwuliza chochote kuhusu vile vipimo, wala sikusema twende tukaulize kwa wanaojua. Nilifungua Biblia kwenye zaburi za maombolezo, tukaomba kama tunavyoomba kwenye nyumba ya msiba, nikamwambia kwamba Mungu ana makusudi yake. Nilimzikia mwanamke mtoto aliye hai, anayenyonya mbele yangu.

Usiku mama mchungaji ndiye aliyesema, "Hizo karatasi hazisemi kitu kimoja. Kwa nini umeamini ya pili ukaiacha ya kwanza?" Asubuhi tulikwenda wote wanne kliniki. Nesi alizichukua, akazisoma, akamtazama mtoto, akatabasamu kwa namna ambayo mwanzoni iliniudhi. "Mchungaji," alisema, "zote mbili ni za kweli."

Alitueleza akiwa amesimama, foleni ya akina mama ikiwa nyuma yetu. Kile kipimo cha mistari hakitafuti virusi. Kinatafuta kingamwili, yaani vile vitu ambavyo mwili hutengeneza unapokutana na ugonjwa ili kupambana nao. Kwa mtu mzima haina tofauti kubwa, maana mwenye kingamwili za virusi hivyo anavyo virusi pia. Kwa mtoto mchanga mambo ni mengine. Kingamwili zilizomo katika damu yake si zake. Ni za mama yake, alizopewa akiwa tumboni, na zile za virusi hivi zinaweza kuonekana mpaka karibu miezi kumi na minane. Kwa hiyo karatasi ya pili ilisema kweli, ila ilisema habari za mama. Ile ya wiki sita ndiyo iliyomwuliza mtoto mwenyewe, kwa kuwa inatafuta kirusi chenyewe. Nesi hakuishia hapo. Alisema mama anaendelea kunyonyesha, hivyo asiache dawa hata kidogo, na mtoto atapimwa tena na tena mpaka miezi kumi na minane itimie na kunyonya kuwe kumekwisha. Akampima homa na kumtibu. Ilikuwa mafua.

Tangu siku ile jambo hili halijaniacha. Nimesoma, nimeuliza madaktari wanaosali kwetu, na nimelirudia somo la Manoa kwa macho mengine. Niwaelezeni nilichokielewa. Naanza na mpaka, kwa sababu sisi wa Tunduma kwa habari ya mipaka hatuhitaji mwalimu.

Mnajua foleni ya malori inavyorudi nyuma kuelekea Chapwa na Mpemba. Mafuta yanapanda kwenda Zambia na Kongo, shaba inashuka kwenda bandari ya Dar es Salaam. Tangu marais wa nchi mbili walipozindua kituo cha pamoja Oktoba 2019, lori linakaguliwa sehemu moja badala ya mbili. Si kila gari linapita. Kuna bawabu, kuna karatasi, kuna mzigo unaoruhusiwa na mzigo unaorudishwa. Basi kondo la nyuma liko hivyo. Wengi tunadhani damu ya mama inamwagika tu ndani ya mtoto kama maji ya mfereji. Haiko hivyo. Damu hizo mbili zinakaribiana sana bila kuchanganyika, katikati pana ukuta mwembamba, na ukuta huo una mabawabu.

Kingamwili ziko za aina tano, na inayovushwa ni moja, ile wataalamu wanayoiita IgG. Ile kubwa inayotangulia kutengenezwa ugonjwa unapoingia, IgM, hairuhusiwi. Ndiyo maana ikikutwa nyingi katika damu ya kitovu madaktari hushtuka, kwani huashiria kwamba mtoto mwenyewe amepambana na ugonjwa kabla hajazaliwa. Mwanasayansi Rogers Brambell, aliyefanya kazi Bangor huko Wales, ndiye aliyetoa wazo mwaka 1958 kwamba lazima pawepo kipokezi cha kuishika IgG na kuivusha. Kipokezi hicho baadaye kilipatikana. Kinaipokea kingamwili upande wa mama, kinaifunika isimeng'enywe njiani, kinaiachia upande wa mtoto.

Kazi hiyo inaanza polepole mwezi wa nne wa mimba, lakini msafara mkubwa unavuka wiki za mwisho mwisho. Mtoto aliyetimiza miezi yake mara nyingi huzaliwa akiwa na kingamwili za aina hiyo nyingi kuliko mama yake mwenyewe. Hapo niliposoma nilirudia sentensi. Mama humpa mtoto hadi mtoto anamzidi. Na mtoto njiti, huyu tunayemwona mdogo kwa umbo, upungufu wake mwingine hauonekani kwa macho: amefika kabla ya msafara.

Wafugaji wa bonde la Momba wananielewa upesi zaidi. Wanajua ndama asiponyonya dang'a saa za mwanzo ni wa kufa, kwa sababu ng'ombe hampi ndama kingamwili tumboni. Zote ziko kwenye dang'a. Binadamu hupewa kwanza kwa kondo, kisha kwa dang'a yetu, yale maziwa ya njano, hupata aina nyingine inayolinda utumbo. Bado kuna bibi zetu wanaoyakamua na kuyamwaga kwa kuyaona machafu. Naomba niseme kwa heshima yote: bibi, tafadhali, acha.

Sasa turudi kwa Manoa. Mkewe amemwambia mtu wa Mungu amemtokea na kumwahidi mtoto. Manoa anaomba yule mjumbe arudi awafundishe watamtendea nini mtoto atakayezaliwa. Ni ombi zuri, ombi la baba anayejiandaa. Mungu anamsikia, lakini mjumbe harudi kwa Manoa. Anamrudia mkewe, yuko shambani peke yake. Mke anakimbia kumwita mume. Manoa anafika na kuuliza swali lake: mtoto huyo atalelewaje, na kazi yake itakuwa nini?

Tazameni jibu. Malaika hasemi neno juu ya kumlea mtoto. Anasema juu ya mama: yale yote aliyoambiwa ayashike, asile kitokacho katika mzabibu, asinywe divai wala kileo, asile kilicho najisi. Baba ameuliza habari za mtoto, akajibiwa habari za mama. Nilidhani zamani kwamba malaika alikwepa swali. Sasa naona alilijibu moja kwa moja. Kwa miezi ile, maisha ya mama ndiyo nchi anayokaa mtoto, na atakachokuta humo ndicho atakachotoka nacho.

Mwaka 1892 Mjerumani Paul Ehrlich alilipima jambo hili kwa panya. Alikuwa anajiuliza: kinga ya mtoto ni urithi wa damu ya wazazi wote wawili, au ni kitu anachokabidhiwa na mama tu? Akawazoesha panya sumu kama ile itokayo kwenye mbegu za nyonyo, kidogokidogo hadi wakawa hawadhuriki. Akapandisha dume mwenye kinga kwa jike asiye nayo: watoto hawakupata kitu. Akapandisha jike mwenye kinga kwa dume asiye nayo: watoto wakazaliwa na kinga, kisha baada ya muda ikaisha. Akabadilisha hata wanaonyonyesha, akaona na maziwa yanapitisha. Kwa hiyo kinga ile ilikuwa amana ya mama, wala haikuwa urithi kama rangi ya macho. Na amana ile haidumu. Kwa binadamu, IgG hupungua kwa nusu karibu kila wiki tatu, mpaka mtoto abaki na zile anazojitengenezea.

Ndiyo sababu mama mjamzito anachomwa sindano ya pepopunda, ingawa anayelindwa hasa ni mwingine. Wazee wetu wanakumbuka watoto waliokuwa wazima siku za mwanzo, halafu wanakataa kunyonya na kukakamaa mwili kabla juma la pili halijaisha, na nyumba inaanza kumtafuta mchawi. Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imeutokomeza ugonjwa huo wa mama na mtoto mchanga kama tatizo la afya ya jamii. Hatukuutokomeza kwa kuwachoma watoto, kwani mtoto wa siku tano hajui bado kutengeneza kinga ya kumwokoa. Tuliwachoma mama zao, na kondo likafanya kazi yake.

Na ndiyo sababu chanjo ya surua inasubiri miezi tisa. Akina mama huniuliza kwa nini isitolewe mapema. Ikitolewa mapema, kingamwili za mama zilizomo ndani ya mtoto huipokea chanjo kama adui na kuimaliza kabla mwili wa mtoto haujajifunza kitu. Zawadi ya mama lazima ipungue ili mtoto apate ya kwake. Hana alimnyonyesha Samweli mpaka akamwachisha, ndipo akampeleka Shilo. Sisi huhubiri siku ile ya kumpeleka. Miaka ile ya kunyonyesha tunairuka.

Lakini mpaka unaweza kukwama. Hapa nataka tukae kidogo, kwa kuwa hapa ndipo mkoa wetu unapohusika.

Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy walitangaza walichokigundua Kisumu, Kenya: vimelea vya malaria vina namna ya kujificha ndani ya kondo la nyuma, vikiwa vimeshikilia kitu kilichopo humo ambacho sehemu nyingine za mwili hakiko kwa namna hiyo. Mwanamke wa mimba ya kwanza hajawahi kuwa na kondo, kwa hiyo mwili wake hauna kingamwili za vimelea vya aina hiyo, hata kama ameugua malaria utoto wake wote. Ndiyo maana mimba ya kwanza ndiyo inayoumia zaidi. Mimba ya pili na ya tatu mwili umeshajifunza. Watafiti hao walikuja kufuatilia akina mama na watoto kwa miaka huko Muheza, Tanga, na mengi tunayoyajua leo juu ya kinga ya mtoto dhidi ya malaria yametoka kwa akina mama wa Muheza waliokubali kutoa damu ya kitovu. Kondo lililojaa malaria huvusha kingamwili chache. Mama anaweza asiwe na homa, anaenda sokoni kama kawaida, na mpakani hapapitiki.

Virusi vya UKIMWI navyo hufanya hivyo, kwa njia ambayo dereva yeyote wa Tunduma ataielewa. Mwili unaopambana na ugonjwa wa muda mrefu hutengeneza kingamwili nyingi mno za kila namna. Mabawabu ni walewale, malori yameongezeka. Zilizo muhimu kwa mtoto, za surua, za pepopunda, zinakaa kwenye foleni pamoja na zisizo na kazi kwake. Kwa hiyo mtoto wa mama mwenye virusi, hata asipoambukizwa, anaweza kuzaliwa na akiba ndogo. Nilimwuliza nesi kama nimwambie mama yetu habari hiyo au ninyamaze. Akasema mwambie, ila mwambie na nusu ya pili. Na nusu ya pili ni hii: mwaka 2011 watafiti wa Khayelitsha, Afrika Kusini, walichapisha kwamba watoto wa namna hiyo walizaliwa na kingamwili chache kweli, lakini walipopata chanjo zao waliitikia vizuri, na kwa baadhi ya magonjwa waliwapita wenzao. Walianza na kidogo. Hawakubaki na kidogo.

Kuna njaa pia. Sisi wa Mbozi na Ileje tunaona aibu kulitaja neno hilo, mkoa unaolisha wengine mahindi, lakini Januari na Februari kuna nyumba ambazo ghala limefagiwa, mahindi mapya bado mabichi, na mwenye mimba ndiye anayeshinda kwenye palizi. Huko Gambia, vijiji vya Keneba, wamekuwa wakiandika kwa miongo mingi kila anayezaliwa na kila anayekufa. Mwaka 1997 ilichapishwa kwamba watu waliozaliwa msimu wa njaa walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa mapema, hasa kwa magonjwa ya kuambukiza, na tofauti hiyo haikuonekana utotoni. Ilijitokeza walipofika ujana. Kijana wa miaka ishirini anaondoka, na huenda sababu mojawapo ni kwamba mama yake hakushiba mwaka ule. Nani atakumbuka?

Nawasihi msinielewe vibaya. Sisemi kila kitu kinapimika na kurekebishwa. Huko Entebbe, Uganda, kuanzia 2003 waliwaandikisha wajawazito 2,507 wakitumaini kwamba dawa za minyoo wakati wa mimba zingewafanya watoto waitikie chanjo vizuri zaidi. Haikuwa hivyo. Chanjo ziliitikiwa vilevile, na watoto wa waliopewa mojawapo ya dawa hizo wakapata ukurutu wa ngozi zaidi. (Dawa ya minyoo mnayopewa kliniki endeleeni kuimeza. Inamsaidia mama kuhifadhi damu yake, na hilo peke yake linatosha.) Nimeileta habari hii kwa sababu inanipunguzia haraka ya kusema najua. Waliokuwa na elimu zote walitarajia hivi, ikawa vile, nao wakaandika ikasomwa. Ningetamani sisi wahubiri tuwe na moyo huo.

Tena yapo ambayo mtoto huja nayo tu. Gambia hukohuko waliwapima mapacha zaidi ya jozi mia mbili baada ya chanjo zao za mwanzo, wakilinganisha pacha wa yai moja na wa mayai mawili. Matokeo yalitoka mwaka 2004: kwa baadhi ya chanjo, hasa ya homa ya ini, tofauti kati ya mtoto na mtoto ilitokana kwa sehemu kubwa na urithi. Watoto wawili, mama mmoja, sindano moja siku moja, na mmoja anatengeneza kingamwili kwa wingi kuliko mwenzake. Hakuna aliyefanya vizuri zaidi hapo, wala aliyekosea. Hapa ndipo baba naye anapoingia, kwa kuwa nusu ya urithi huo ni yake.

Majina ya ukoo ya Wanyamwanga yananisaidia kulifikiri hili. Kaka akiwa Simwinga, dada yake ni Namwinga. Jina ni moja, limetoka kwa babu mmoja, lakini halimfikii kila mtoto kwa sura ileile. Nani angemlaumu dada kwa kuanza na Na?

Hata hivyo lawama tunazo, na zina anwani. Mtoto akiugua, ukoo unauliza mama ametoka ukoo gani. Mtoto akizaliwa na uzito mdogo, mawifi wanasema damu yake mbaya. Wakati wa Ezekieli watu walikuwa na methali juu ya baba waliokula zabibu mbichi na meno ya watoto yakatiwa ganzi, na walipenda kuitumia kila mambo yalipoharibika. Katika sura ya kumi na nane Mungu anawakataza wasiiseme tena. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini akataze methali ambayo kwa namna fulani ni kweli, kwani ya wazazi yanawafikia watoto, na nimetoka kuwaonyesha jinsi yanavyowafikia. Nadhani alikataza jinsi ilivyotumika. Ilikuwa ni neno la mwisho la watu waliokwisha kukata tamaa, la kumfunga mtu kwa kilichotokea kabla yake. Malaika wa Manoa anazungumza na mama kabla, wakati bado kuna la kufanya. Wenye ile methali wanazungumza naye baada, wakati limebaki la kuumiza tu. Swali la "nimekosea wapi" alilokuja nalo mama yule nyumbani kwangu, sisi ndio tuliomfundisha kuliuliza.

Malaika alitaja kileo. Mahubiri mengi niliyoyasikia juu ya somo hili yanawageukia akina mama: usinywe. Ni sawa, asinywe. Lakini nani anakunywa Tunduma? Hela ya chandarua na samaki imeachwa kwenye komoni na nani? Mwenye mimba ya miezi minane anayebeba ndoo ya maji kichwani na kuni mgongoni, na kuvuta moshi wa jiko lisilo na dirisha, yuko nyumbani kwa nani? Aliyechelewa kuanza kliniki alichelewa kwa kusubiri ruhusa ya nani? Ehrlich alionyesha kwamba baba hampi mtoto kingamwili hata moja. Sawa. Lakini njia zote ambazo kingamwili hizo zinapitia, chakula, usingizi, neti, nauli ya kwenda kliniki, kutokuletewa ugonjwa mpya ndani ya nyumba, funguo zake nyingi ziko mfukoni mwa baba.

Mume wa mama yetu ni dereva, anakwenda Ndola na Lubumbashi. Alirudi wiki mbili baada ya siku ile, tukakutana tena kliniki, safari hii na yeye. Wanaume kwenye lile benchi walikuwa wawili tu, yeye na mimi. Alikuwa ameshika kadi ya mtoto juu chini, hakujua. Ilipofika zamu yao alimwuliza nesi kwa sauti ya mtu aliyelifikiria swali lake tangu Kapiri Mposhi: "Sista, huyu mtoto sasa tumfanyieje?"

Nesi hakumtazama mtoto. "Mama anakula nini asubuhi?" alimwuliza. "Analala saa ngapi? Dawa zake anazifuata nani wewe ukiwa safari?" Yule bwana akaanza kujibu, akakwama, akamgeukia mkewe, mkewe akamjibia. Nesi akaandika. Nami niliyekuwa nimekaa pale pembeni nikajizuia nisicheke, maana ilikuwa Waamuzi kumi na tatu mstari kwa mstari, na hakuna aliyejua ila mimi.

Andiko linasema kwamba mkewe alipokuja mbio kumwita, Manoa aliinuka akamfuata. Ni maneno machache, rahisi kuyaruka. Walipotoka kliniki mvua ilikuwa imekatika na malori yamejaa barabara yote, moja nyuma ya jingine, injini zinanguruma, utingo wamekaa juu ya mizigo. Mama alikuwa mbele, mtoto mgongoni. Aliinua mkono wake wa kulia, lori la shaba likasimama, na lililofuata likasimama. Akavuka. Mumewe akavuka nyuma yake, begi la nepi begani na ile kadi mkononi, safari hii ameishika vizuri.